Eda ya Bi Mize na Kitabu Kisicho na Jalada

Bi Mize alifariki Jumatatu asubuhi, na adhuhuri haijaingia Nasra alikwisha kufika kibarazani kwangu na karatasi na kalamu. Nasra ni mjukuu wa wifi yake Bi Mize, mwanamke mzima mwenye watoto wanne. Alitaka nimwandikie tanzia ya kupelekwa redioni. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mtaani kwetu mwalimu akishastaafu hakosi kazi: barua za posa ni zake, risala za harusi ni zake, na misiba ni yake. Nikaandika jina la marehemu na la baba yake, nikaandika nyumba yake ya Kikwajuni na saa ya maziko. Nikafika pale panapotakiwa kutajwa alikuwa nani wa nani, nikaandika "mjane wa", kalamu ikasimama. Nasra akaniuliza kama nimelisahau jina la mumewe. Nikamjibu kuwa wino unasuasua. Wino ulikuwa mzima.

Kesi ya neno hilo moja, mjane, ilisikilizwa mwaka niliokuwa na miaka kumi na tano, katika chumba chenye dirisha moja, na walioijua hukumu yake walikuwa wanawake watatu. Wawili sasa wamo kaburini na wa tatu ni mimi. Siivunji siri ya mtu. Miaka michache iliyopita, nilipokuwa namkata kucha uwani kwake, Bi Mize mwenyewe aliniambia, "Nikifa, isimulie. Lakini maadamu ni hai, niachie eda yangu." Basi naisimulia, na nitaanzia pale ambapo yeye angependa nianzie, yaani kwenye kitabu.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Kila mtu ana baba na mama, na wangu hawakuwa na jipya. Inatosha kujua kuwa nyumba yetu na ya Bi Mize ziligawana ukuta wa uwani, kwamba tulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mchele ukipatikana kwa foleni na sukari kwa bahati, na kwamba mumewe, Fundi Abdi mshona suti, alifariki kwa homa ya siku tatu. Bi Mize akakaa eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na kwetu huvaa nguo nyeupe tupu. Mama akaamua kuwa nikitoka skuli, nikishasali na kula, niende nikakae naye mpaka karibu na magharibi, nitumwe dukani na sokoni Darajani, na nimwondolee upweke. Hakuniuliza kama nataka. Nilikuwa nataka sana, maana kwetu kulikuwa na wadogo zangu watano na kwa Bi Mize kulikuwa na kimya.

Chumba kile nakijua mpaka leo kuliko hiki ninacholala. Kulikuwa na kitanda cha samadari ambacho Bi Mize alilalia upande mmoja tu, ule wa ukutani. Kulikuwa na cherehani ya marehemu iliyofunikwa shuka la maua, na juu yake kipande cha chaki ya bluu ambacho hapana mtu aliyethubutu kukiondoa. Futi ya kupimia ilining'inia kwenye msumari. Zamani ukipita mbele ya nyumba hiyo ulinusa udi na asmini kabla hujamwona mtu. Sasa ilinukia chai ya mchaichai na uzi mpya. Bi Mize alikaa kwenye mkeka chini ya dirisha, na nguo zake nyeupe, akishona kofia ya viua, anatoboa kitobo kwa sindano, anakizungushia uzi, anahamia kingine. Alikuwa hajafika miaka arubaini. Mimi nilimwona mzee, kama wasichana wanavyowaona watu wa umri huo, na leo nikiwaona wanawake wa miaka arubaini nawaona watoto.

Kitabu nilikipata Darajani, kwa muuza njugu. Enzi hizo karatasi yoyote ilikuwa mali ya kufungia, na watu waliohama waliacha nyuma vitabu vilivyotembea kutoka mkono hadi mkono mpaka vikaishia kwenye mafungu ya wauzaji. Muuza njugu alikwisha kukichana jalada na kurasa za mwanzo zenye jina, alikuwa anaelekea sura ya kwanza. Nikamwomba tubadilishane: nikampa madaftari yangu mawili yaliyojaa hesabu, naye akanipa kitabu. Hivyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikitunga. Bi Mize alikuwa hajui Kiingereza, lakini alijua kuchoka na kimya. Akanambia nimsomee. Nikawa nasoma sentensi moja moyoni, naigeuza kwa Kiswahili, naisema, halafu nyingine, na yeye anatoboa kofia.

Kilikuwa kitabu cha kutia hofu, na aliyesimulia alikuwa mwanamke. Alikuwa mke wa daktari, wanaishi wawili katika jumba kubwa kando ya ziwa, kwenye nchi ya baridi. Asubuhi moja mume hayupo. Viatu vyake vinaonekana ufukweni, na polisi wanaanza kuja, leo na kesho na keshokutwa, wakimtazama mke kwa jicho baya. Yeye anatueleza kila kitu: vikombe vingapi vilikuwa mezani, pazia lipi lilikuwa wazi, ngazi ya ngapi hulia ikikanyagwa. Mpaka wakati ule hadithi nilizozijua zilisimuliwa na mtu aliyekaa nje yake. Bibi akisema "Paukwa", tukamjibu "Pakawa", tulijua kuwa yeye yu salama na sisi tu salama, na zimwi liko mbali. Mwanamke huyu hakukaa nje. Alikuwa ndani ya nyumba yake, akatutia na sisi ndani, akafunga mlango. Alichotaka tukione tulikiona, asichotaka hatukukiona. Nilimwamini tangu mwanzo kwa sababu alikuwa mwanamke, alikuwa peke yake, na alikuwa anaogopa. Baadaye, nikiwa mwalimu, niliwaambia wanafunzi wangu kuwa hizo si sababu za kumwamini msimulizi, lakini sikulijua hilo nilipoanza.

Bi Mize alisikiliza vingine kabisa. Aliniuliza ziwa ni nini, nikamwambia ni kama bahari isiyo na chumvi wala kupwa. Akauliza, maji yasiyokupwa taka zake huzipeleka wapi? Nikasema sijui. Kilichomsumbua zaidi ni kuwa katika nyumba ile watu walikuja kuhoji tu. Sura baada ya sura hapana jirani aliyepiga hodi kuazima chumvi, hapana mtu aliyeleta bakuli la uji, wala hapana ndugu wa mume aliyekuja kulia. "Nyumba haina hodi," alisema, "vipi asiogope?" Na chakula chao kilimchekesha. Mwanamke yule alikuwa kila mara anakunywa chai na kipande cha mkate mkavu, na sisi hapo katikati yetu tuna sahani ya muhogo wa nazi na papa. Siku moja Bi Mize alimega kipande, akakinyanyua upande wa kitabu, akasema masikini, angekuwa karibu tungemkaribisha. Nilicheka mpaka mama akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta kuuliza kama ndivyo watu wanavyokaa na mfiwa.

Nadhani tulikuwa tumefika katikati ya kitabu aliposema jambo ambalo sikulisahau. Nilikuwa nimemaliza ukurasa ambamo mwanamke anahesabu tena vikombe vyake. Bi Mize akakata uzi kwa meno, akasema, "Huyo mume hakufa." Nikamuuliza kajuaje, na viatu vimeonekana ufukweni. Akanijibu kuwa mtu anayekwambia kila kitu, mpaka idadi ya vikombe, ana kimoja anachokificha. Nilimbishia. Nilimtetea mwanamke wa kitabu kama dada yangu.

Wiki hiyohiyo alikuja Bi Kazija, dada wa marehemu na mtoto pekee aliyebaki kwa wazazi wao. Nyumba aliyokaa Bi Mize ilikuwa ya urithi wa wazazi hao. Bi Kazija alikuwa mpishi wa shughuli, mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache, na mimi nilimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Wanasema wifi ni kidole chenye usaha, na mtaa ulikuwa unasubiri wawili hawa wagombane. Kila Ijumaa alileta chakula kwenye bakuli lililofunikwa kawa, akakaa kidogo, akaondoka. Ijumaa ile alinivuta mkono mpaka uwani, akanieleza kilichokuwa rohoni mwake.

Mwanamume ana talaka tatu kwa mke mmoja. Akitoa ya kwanza au ya pili anaweza kumrejea mkewe. Akitoa ya tatu basi, ndoa imekwisha, na hamrudii mpaka huyo mke aolewe kwingine kwanza. Fundi Abdi alikuwa mtu mwema mwenye hasira za karibu, na katika ndoa yao alikwisha kutoa mbili, kila moja kwa jambo la kipuuzi, na kila mara alimrejea Bi Mize kabla wiki haijesha, analia yeye zaidi ya mke. Mtaa mzima ulijua kuwa imebaki moja. Sasa jirani wa nyuma alikuwa amemwambia Bi Kazija kwamba siku chache kabla ya homa ile alisikia ugomvi, na katika ugomvi alisikia neno la kuacha. Kwa hiyo suala lilikuwa hilo, na hapana wa kulijibu ila aliyevaa nguo nyeupe.

"Weye uko naye kila siku," Bi Kazija aliniambia. "Fungua masikio. Kama kaka yangu kamwacha, yule si mjane. Hana urithi, hana eda ya kufiwa, na nguo zile ni kumchezea Mungu. Nnataka kujua nnamlilia kaka yangu pamoja na nani."

Nilirudi chumbani, nikakaa, nikafungua kitabu, na kwa mara ya kwanza nilisoma huku jicho moja liko kwa Bi Mize. Nilimpenda mwanamke huyu. Alinifundisha kutoboa kofia, alinisikiliza nikisema kama mtu mzima, alinipangusia machozi siku niliyoshindwa mtihani wa hesabu akaniambia hesabu ndizo zilizoshindwa na mimi. Na sasa niliambiwa nimpeleleze. Niliichukia kazi hiyo, lakini nakiri pia kuwa nilikuwa na hamu ya kujua. Kitabu kilikuwa kimeniharibu. Nilikwisha kuzoea kukaa na mwanamke chumbani nikijiuliza anaficha nini.

Nilimwahidi Bi Mize kuwa sitasoma mbele bila yeye. Alhamisi iliyofuata niliivunja ahadi. Nilikitia kitabu ndani ya buibui langu, nikaenda nacho kwetu, nikajifungia chooni na kukisoma nimesimama mpaka wadogo zangu wakaugonga mlango. Bi Mize alikuwa amesema kweli. Mume hakufa. Alikuwa ameondoka na sanduku lake, amemwachia mkewe barua ya mistari minne kuwa hamtaki tena. Mke aliificha barua ndani ya kopo la majani ya chai, akavichukua viatu vya zamani vya mumewe akaviweka ufukweni, akavaa nguo nyeusi za msiba. Alikuwa radhi polisi wamdhanie muuaji kuliko mji ujue kuwa ameachwa. Nikakifunga kitabu hapo, imebaki sura moja, na sikuwa na hamu tena ya kusoma. Nilikuwa nawaza: Bi Mize kajuaje?

Kesho yake nilimsomea sura ile ile kama sijaijua, na nadhani sauti ilinisaliti. Nilipofika kwenye kopo la chai, sindano ya Bi Mize ilisimama. Akaniuliza kama mwanamke kasema kwa nini amefanya vile. Nikatafsiri: kwa sababu ya aibu. Bi Mize akatikisa kichwa. Akasema kitabu kimekosea, au mwanamke bado anaficha, kwa sababu aibu haimfanyi mtu kuvaa nguo za msiba kila siku hata akiwa peke yake chumbani. Anayefanya hivyo anampenda aliyeondoka. Kisha akaiweka kofia mapajani, akatazama dirisha, akanisimulia.

Ugomvi ulikuwa wa dirisha hilohilo. Alilisahau wazi, mvua ikaingia, ikakirowesha kitambaa cha suti ya mteja kilichokuwa kimeshakatwa. Fundi Abdi akapandisha hasira, akaitoa talaka ya tatu, na neno lilipomtoka alikaa chini sakafuni. Walikubaliana wasimwambie mtu mpaka watakapojua wafanye nini. Fundi akawa analala upande wa cherehani, na Bi Mize kitandani, kila mtu na upande wake, wanaogopana kama wageni. Zikapita siku chache, homa ikamkamata Fundi. Hapakuwa na mwingine wa kumkanda, akamkanda yeye.

"Siku ya mwisho aliniita mke wangu," Bi Mize alisema. "Sheria haimsikilizi, mwanangu. Mie nilimsikia."

Nilimuuliza kwa nini basi amekaa eda ya kufiwa. Akanambia kuwa mwanamke aliyeachwa naye hukaa eda yake, ya miezi mitatu au karibu na hapo, kwa hiyo kukaa ndani alistahiki kukaa. Kilichozidi ni nguo nyeupe, na siku za baada ya hapo. "Eda ya talaka nshaimaliza tangu mwezi uliopita. Hizi ninazokaa sasa ni zangu mwenyewe. Na urithi wao sitauchukua; nitasema nimesamehe. Nnataka kumlilia tu, mpaka zitimie. Zimebaki siku tisa." Nilijiona mzito, kama mtu aliyetwishwa mtungi uliojaa akaambiwa asimwage hata tone.

Bi Kazija hakunipa nafasi ya kupumzika. Jioni ileile alinikuta nje ya mlango, bakuli mkononi, akaniuliza nimesikia nini. Nikasema sikusikia kitu. Akasema, "Apa." Ningeweza kukataa. Ningeweza kulia, ningeweza kukimbia, nilikuwa mtoto na mtoto anaruhusiwa. Badala yake nilisema wallahi sikusikia kitu. Bi Kazija akanishika bega, akanambia mtoto mwema, akanipa bakuli nilipeleke ndani. Lilikuwa na wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na sijui mchele ule aliupata kwa foleni ya saa ngapi.

Sikula. Bi Mize aliona, akaniuliza, nikaendelea kukataa mpaka nikashindwa. Nilimwambia kila kitu: kwamba nilitumwa kumsikiliza, kwamba nilikisoma kitabu bila yeye, na kwamba nimeapa uwongo kwa jina la Mungu ili kumsitiri. Nilidhani atanishukuru, na moyoni nilikuwa tayari kushukuriwa. Uso wake ulibadilika, nikaona hofu ambayo sikuiona hata siku alipofiwa. Siri aliweza kuibeba, na dhambi yake alikuwa amejipangia atakavyomjibu Mola wake. Yangu hakuiweza. Aliniambia kwa upole nimwite wifi yake, hata kama yuko kwenye moto wa pilau.

Bi Kazija alikuja na buibui lake na harufu ya moshi. Bi Mize alikuwa amekaa palepale mkekani. Hakuzunguka, alimwambia kuwa kaka yake alimwacha, akataja siku na sababu, akamwambia kuwa mtoto huyu ameapa kwa ajili yake na kwamba kosa ni lake yeye. Akasema urithi hautaki. Kisha akainua mikono akaanza kuufungua mtandio mweupe kichwani. Nilitaka kufa. Nilikuwa nimejibana mlangoni nimekumbatia kitabu, na nakumbuka nilikuwa nangojea kishindo kama kile cha vitabuni.

Bi Kazija alimtazama wifi yake, akaitazama cherehani, akaitazama chaki. Halafu akauliza swali ambalo halikuwa na uhusiano na sheria yoyote. Akauliza kama kaka yake alikuwa na maumivu mwishoni. Bi Mize akamwambia la, alilala, alikuwa amemshika mkono. Bi Kazija akapangusa uso kwa ncha ya kanga. Akasogea, akauchukua mtandio kutoka mikononi mwa Bi Mize, akamfunga tena kichwani, taratibu, kama anavyofungwa mtoto anayepelekwa chuo cha Kurani kwa mara ya kwanza.

"Urithi nimeukubali, sheria ni sheria," alisema. "Nyumba sasa ni yangu, na mie nnataka mtu wa kukaa ndani yake. Zimebaki ngapi?"

"Tisa," Bi Mize alijibu.

"Kaa uzimalize, wifi. Mie sijasikia kitu."

Kiapo changu ndicho kilichobaki, na hilo Bi Kazija hakulisamehe. Alisema kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi au kufunga siku tatu, na kwa kuwa mwaka ule masikini kumi tulikuwa ni sisi wenyewe, nifunge. Nikafunga kuanzia Jumatatu. Mama aliambiwa kuwa nalipa siku zangu za Ramadhani. Siku ya kwanza, magharibi ilipokaribia, nilikuta Bi Mize naye hajagusa chai tangu asubuhi. Hakuapa, alisema, lakini hawezi kumwacha mtu afunge peke yake kwa ajili yake. Siku ya pili Bi Kazija alikuja na futari, akaiweka chini, akakaa nayo anangojea adhana kama sisi, midomo imemkauka, na hatukumuuliza. Tulifuturu kwa tende tatu na muhogo na mchuzi wa pweza. Nimekula kwenye shughuli nyingi baada ya hapo, na mara mbili nimekula kwenye meza za mawaziri, na bado mchuzi ule naukumbuka kwanza.

Siku ya tisa ilipotimia wanawake wa mtaa walikuja kumtoa Bi Mize eda. Bi Kazija ndiye aliyemwogesha, akamvika kanga za kijani, akamfukiza udi mpaka nikakohoa. Mtaa ulishangaa kusikia kuwa mjane amesamehe fungu lake lote na kuwa wifi mtu amekataa asihame, na watu walitafuta sababu kwa miezi mingi. Hawakuipata. Bi Mize hakuolewa tena, ingawa walitumwa wa kumposa. Aliishi katika nyumba ile na wifi yake, akamlea mtoto wa Bi Kazija, halafu wajukuu, na Bi Kazija alipokufa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa msiba. Kofia ile ya viua aliimaliza. Fundi Abdi hakuwa na kichwa tena cha kuivaa, ikavaliwa na mume wangu siku ya harusi yetu, na ilimbana.

Jumatatu hii, mbele ya Nasra, nilikaa na kalamu nikiyapitia yote hayo, na nadhani hayakuchukua hata dakika moja. Kisha nikaandika, "mjane wa marehemu Fundi Abdi." Jioni tanzia ikasomwa redioni, na nikasikia majirani wakisema Mungu amlaze pema. Baada ya hitima Nasra alinipa kitu kilichofungwa ndani ya kipande cha kanga ya kijani, akasema bibi aliagiza nipewe mimi. Nilikijua kwa uzito kabla sijakifungua. Kurasa zimekuwa kahawia na wadudu wamepita mle, lakini sura ya mwisho ipo yote, na nimeisoma tena leo, nina miwani na miaka inayokaribia sabini, na siogopi tena. Namwona mwanamke yule vizuri zaidi kuliko nilivyomwona zamani. Hakuwa muuaji wala mwongo mkubwa. Alikuwa mtu aliyetaka kulia na hakuwa na ruhusa.

Sura hiyo tuliisoma siku ya pili baada ya eda. Bi Mize alikuwa na asmini kichwani na Bi Kazija alikuwa amejinyoosha kitandani, amesema hana haja na hadithi za makafiri na amesikiliza kila neno. Nilitafsiri mpaka mwisho: mwanamke anaitoa barua kwenye kopo la chai, anampa polisi, anavua nguo nyeusi, anaifunga nyumba, anaondoka peke yake, na hapana anayemwuliza anakwenda wapi. Nilipokifunga kitabu, nilimuuliza Bi Mize anaonaje. Alinyoosha mkono akamfunika miguu Bi Kazija, aliyekuwa ameshapitiwa na usingizi.

"Masikini," alisema, "hakuwa na wifi."